Afadhali Waseme Mlevi

Verena Lisle alikuwa na macho ya buluu yaliyopauka mno, na kamera za siku zile hazikuyapenda macho ya namna hiyo. Kwenye pazia la sinema yalitokea meupe kama ya samaki aliyechemshwa. Ili yapate weusi kidogo, mpiga picha alining'iniza kitambaa cha mahameli nyeusi kando ya kamera, na Verena akakitazama hicho. Lakini Bwana Harlan Pruett, mwongozaji wake, alitaka machozi yang'ae, kwa hiyo kila mwaka taa zilisogezwa karibu zaidi na uso.

Mimi ni Bertha Kessel. Kwenye picha za kuchekesha nilikuwa yule mama mkwe mnene anayetupiwa keki usoni. Mimi na Verena tulipanga pamoja nyumba ya mbao nyuma ya shamba la michungwa, Hollywood ilipokuwa bado ina mashamba, na nyumbani nilimwita Minnie, kwa sababu jina lake la kuzaliwa lilikuwa Wilhelmina Strode, binti wa fundi mapipa wa Dubuque, Iowa. Hilo la Verena Lisle alipewa na kampuni.

Kipaji chake kilikuwa kulia. Sisi wengine tulipakwa glisarini mashavuni ionekane kama machozi. Yeye aliambiwa "lia" na machozi yakaja, tena kwa jicho ambalo Pruett alilitaka lianze. Wanawake wa nchi nzima walikwenda sinema na leso mbili kwa ajili yake.

Taa zile zilikuwa za umeme unaoruka kati ya vijiti viwili vya makaa. Zilinguruma, zilimwaga vumbi jeupe, na mwanga wake ulikuwa kama kisu. Hapana mwigizaji ambaye hazikumuumiza. Macho yakivimba ulilala kwenye chumba cha giza na vipande vya viazi vibichi juu ya kope, na baada ya siku moja mbili ukarudi kazini. Minnie hakupewa hizo siku. Nakumbuka tulipokuwa tunapiga picha ya mazishi ya mtoto wake, wa kwenye hadithi.

"Turudie, mpenzi," Pruett akasema.

"Harlan, macho yananiwaka moto."

"Ndiyo maana yanapendeza. Turudie."

Akarudia mpaka mchana ukaisha.

Daktari alimwambia akae mbali na taa hizo mwaka mzima. Wakati huo picha zake zilikuwa zinafuatana bila kupumua, na picha yake kubwa ilikuwa imebandikwa kwenye kila ukumbi wa sinema kutoka pwani hadi pwani. Mwaka mzima ni mrefu; mashabiki wangekwisha kupata mwingine. Akarudi kazini. Doa la kijivu likaanza katikati ya kila kitu alichokitazama.

"Masikio yako nayaona, Bertha," aliniambia siku moja tukila mayai asubuhi. "Uso ndio siuoni."

Tukaficha. Picha zilikuwa hazina sauti, kwa hiyo niliweza kusimama kando ya kamera nikamwambia waziwazi, "Ngazi mbele yako, Minnie. Kiti kushoto." Mpenzi wake wa kwenye picha, Conrad Vail, alivuta sigara zenye harufu kali, na Minnie alimfuata kwa hiyo harufu mpaka kifuani. Gazeti moja likaandika kwamba hakuna mwanamke anayemwendea mpenzi wake kwa namna ile, kama anayeota.

Kisha ikaja siku ya kupiga picha ya dansi. Mimi nilikuwa jengo la pili napigwa keki zangu. Minnie alishuka ngazi akiwa amevaa gauni la hariri, mbele ya watu mia na mwandishi wa habari aliyealikwa, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye nguzo ya taa. Taa ikaanguka juu ya mapazia, mapazia yakashika moto. Moto ulizimwa mapema, ila kila mtu alikuwa ameona.

Nilipofika chumbani kwa Minnie, Pruett alikuwa amemsimamia kitini.

"Umekunywa?"

"Sijanywa. Sioni, Harlan."

Akaenda kufunga mlango. "Tangu lini?"

"Tangu uliponirudisha kaburini kwa yule mtoto mpaka jua likazama."

Pruett akachuchumaa mbele yake na kumshika mikono, kwa upole kabisa. "Nisikilize. Mwandishi yuko hapo nje anasubiri. Nikimwambia umelewa, watu watakusikitikia. Utapumzika miezi michache, utarudi umetubu, na watu wanampenda aliyetubu. Nikimwambia umepofuka, umekwisha leo hii. Chagua wewe."

"Minnie, usimsikilize," nikasema. "Anaogopa nani atakubali tena kusimama mbele ya taa zake. Anajiokoa yeye."

"Bertha, hili halikuhusu," Pruett akasema.

"Mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda chooni, bwana. Wewe ndiye ambaye halikuhusu."

Minnie alikuwa ametugeuzia uso pembeni, akitutafuta kwa ukingo wa macho. "Afadhali waseme mlevi," akasema.

Pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchi nzima mwaka uliotangulia, na kila kanisa lilikuwa na kamati ya akina mama wenye hasira. Magazeti yalimla mzima. Yalimwekea chupa kitandani, yakamwekea na wanaume. Miji midogo ikazikataa picha zake. Miezi michache ilipopita, kampuni ikauvunja mkataba kwa sababu ya mwenendo wake, na aliyetia sahihi ni Pruett. Tukipiga simu, karani wake anasema bwana yuko mkutanoni.

Doa nalo lilizidi kupanuka. Alipofika miaka thelathini na moja alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi.

Ndipo tukasikia kwamba kampuni inatengeneza picha kuhusu binti kipofu wa fundi saa. "Nipeleke," Minnie akasema. Nikamwambia asijidhalilishe. Akajibu kwamba anajua kudhalilika kulivyo, na kwamba anataka kazi.

Pruett alimruhusu ajaribiwe; labda aliona aibu. Minnie alivuka chumba, akagusa kona ya meza kwa mgongo wa kidole, akamimina chai akisikiliza kikombe kinavyojaa, akamgeukia baba yake wa kwenye hadithi kwa shavu badala ya macho. Nilikuwa nimeishi na vitendo hivyo kila siku, na bado nilitamani kulia.

Pruett akawasha sigara. "Hapana. Hakuna atakayeamini. Kipofu hunyoosha mikono mbele, huinua uso mbinguni. Wewe unaonekana kama mtu aliyeiba kitu. Halafu binti mwenyewe ana miaka kumi na saba."

Minnie alicheka hadi mpiga picha akatoka nje.

Kazi alipewa Lucille Tansey, msichana wa Texas, mwenye adabu zake. Wiki moja baadaye alikuja kwetu na keki ya limau, akaomba aketi tu amwangalie Minnie anavyoishi.

"Tafadhali, dada. Nataka nifanye kweli."

"Kweli hawaitaki," Minnie akamwambia. "Nyoosha mikono, tazama juu. Watakupenda."

Nao wakampenda. Tulikwenda kuitazama picha hiyo mchana wa Jumatano, mimi nikimsomea maandishi yaliyotokea kwenye pazia na kumsimulia kwa sauti ya chini. Lucille alipapasa hewa kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiwa ameinua kidevu kama malaika wa kwenye kadi ya Krismasi. Karibu na mwisho nilisikia watu wakipenga makamasi kila upande.

"Wanalia?" Minnie akauliza.

"Wanalia."

"Mimi niliwaliza vizuri zaidi," akasema, na hakutaka nimsimulie iliyobaki.

Mwaka ule kaka yake alikuja kumchukua, akamrudisha Dubuque. Nilimtembelea kiangazi kimoja, nikiwa nimenenepa kupita kiasi hata kwa kazi ya keki. Nilimkuta ameketi varandani akimenya maharage, nywele zimekatwa fupi vibaya. Wifi yake alituletea maji baridi ya limau, akainamia glasi ya Minnie na kuinusa kabla ya kumpa. Kabati la jikoni lilikuwa na kufuli, maana ndani mlikuwa na dawa ya kikohozi yenye kilevi. Kanisani aliketishwa benchi la nyuma, na mke wa mchungaji alimshika mkono kwa ncha za vidole.

Wifi alipoingia ndani nikamnong'oneza, "Minnie, mpaka leo hujawaambia ukweli?"

"Niliwaambia siku niliyofika." Akatupa ganda kwenye beseni bila kukosea. "Wakasema walevi wote husingizia macho."