Nyayo Ukutani

Siku shemeji yake alipoingia kibandani bila salamu, Fundi Soli alijua mambo yameharibika. Shemeji huyo, dada wa mkewe, hakuwa mtu wa kuruka salamu. Hata akija kugombana atakuuliza kwanza habari za watoto, ukishajibu ndipo akuchambue. Asubuhi ile alikaa tu kwenye kigoda cha wateja, akapandisha kidogo gauni lake refu na kuunyoosha mguu wa kulia, ule mkubwa.

"Shemeji, mguu huu nani mwingine ameuona?"

Fundi alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Akaitemea kiganjani. "Mimi. Na dada yako. Kwani vipi?"

"Nenda hospitali kuu, kwenye ukumbi ule mpya. Upo ukutani, mrefu kama mlango. Chini wameweka jina langu, yaani majina yote matatu, na umri. Hata umri wenyewe wamekosea, wameniongeza miaka miwili."

Angekuwa mtu mwingine, Fundi angecheka hapo. Hakucheka.

Kazi yake ilikuwa viatu, lakini si viatu vya kila mtu. Alishonea watu wenye matende, wale ambao miguu yao haiingii kwenye kiatu chochote cha dukani. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifanya hivyo. Mteja akija, anamsimamisha juu ya karatasi ya kaki, anapitisha penseli kuuzunguka unyayo, anaandika jina na mwaka, kisha anaitunga karatasi kwenye waya nyuma ya mlango. Mwaka unaofuata anachora tena. Shule aliiacha darasa la nne, lakini macho hayahitaji cheti. Alikuwa akiweka karatasi ya mwaka huu juu ya ile ya mwaka jana, akaona kwamba mtu aliyeanza kuvaa viatu mapema, mguu wake ulisimama pale pale. Aliyeendelea kulima peku kwenye udongo mwekundu, mguu ulizidi kila mwaka. Kwa hiyo aliwaambia wateja wake wote: ni udongo, jamani, udongo unapita kwenye nyayo, vaeni viatu na mnawe miguu. Wengine walimsikia, wengine walisema anatafuta soko.

Ndipo, miaka miwili iliyopita, akaja Daktari wa hospitali kuu, mama mmoja mpole mwenye mkoba wa ngozi nzuri. Alikaa kwenye kigoda kile kile asubuhi tatu, akauliza, akasikiliza, akaandika. Mwisho akaomba ule waya wa karatasi kwa siku mbili. Alikaa nao miezi mitatu, lakini aliurudisha wote, hakuna hata karatasi moja iliyokunjika. Fundi alivimba kichwa. Wiki nzima alimwambia mkewe, "Daktari mzima, kasoma mpaka ng'ambo, ananiuliza mimi." Mkewe alimjibu kwamba hata polisi huuliza, na si kwamba wanakupenda.

"Wamefanya nini?" Fundi akamuuliza shemeji sasa, sauti imeshuka.

"Mzazi mmoja alikwenda kumwona mgonjwa, akauona ukuta. Kesho yake shule nzima inajua." Shemeji alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo gauni lake lilifagia sakafu. "Mwalimu mkuu kaniita. Anasema wazazi hawataki mwenye matende awapikie watoto, nikae nyumbani mpaka ieleweke. Kaniambia kwa upole, na maji ya kunywa akanipa. Afadhali angenitukana."

"Lakini hayaambukizi. Nimeshika miguu hii miaka yote, niangalie."

"Mimi najua. Wewe unajua. Waambie wao." Akashusha gauni. "Nani alimpa ile karatasi?"

Fundi aliangalia misumari kiganjani. "Mimi."

"Nilikuwa najua. Nilitaka nisikie kutoka mdomoni kwako."

Akainuka na kuondoka, na kwaheri hakuaga.

Fundi hakufunga hata kibanda. Alimwomba muuza ndoo wa jirani akitupie jicho, akashika njia ya hospitali akiwa na aproni yake ya ngozi na kisu mfukoni mwa aproni.

Ukumbi ulinuka rangi mbichi. Viti vilikuwa bado ndani ya nailoni. Ukuta wa kushoto ulikuwa na nyayo tisa, alizozichora kwa mkono wake mwenyewe, zimekuzwa mpaka mstari wa penseli ukawa mnene kama kamba. Alizijua moja moja kama mtu anavyojua nyuso za watoto wake. Huyu mfua mabati. Huyu mjane wa kule bondeni. Huyu shemeji. Chini ya kila unyayo jina liliandikwa kwa herufi ambazo mtu angezisoma akiwa mlangoni. Mwisho wa ukuta ilikuwepo picha ya Daktari akipokea kikombe cha kioo kutoka kwa mtu mwenye suti. Katikati, chini ya unyayo wa shemeji, mistari midogo kama sisimizi, kwa lugha ya kigeni.

Mlinzi alikuwa ameegemea nguzo. "Mzee, usiguse. Hata mimi nimekatazwa kuegemea hapo."

"Sigusi. Wewe umesoma, bwana. Hapa pameandikwaje?"

Mlinzi akainama, akasoma akitembeza kidole hewani. "Inasema ugonjwa huu si matende yale ya mbu, unatokana na udongo. Inasema... hautoki kwa mtu kwenda kwa mwingine. Yaani hauambukizi."

"Wapi panaposema hivyo?"

"Hapa, haya madogo madogo."

"Na kwa lugha yetu?"

Mlinzi akatazama ukuta mzima, juu mpaka chini. "Kwa lugha yetu kuna majina tu, mzee."

Damu ilimpanda Fundi mpaka masikioni. Kwa hiyo walijua. Maneno yale mawili ambayo yangemwacha shemeji jikoni kwake yalikuwepo pale pale, chini ya kisigino chake, yameandikwa ili wasome wageni. Jina lake ndilo lililoandikwa ili wasome majirani.

"Na mimi wameniandika?" akauliza, na mara aliposema alijionea aibu.

"Wanamshukuru 'fundi mmoja wa viatu'. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Daktari alimpokea ofisini kwa furaha ya kweli, na hilo lilimuudhi zaidi. Akavuta kiti. "Fundi, nilikuwa nikutafute. Tunaanza awamu ya pili, nahitaji zile karatasi za miaka miwili hii."

"Hupati hata unyayo mmoja." Fundi hakukaa. "Shemeji yangu kafukuzwa kazi kwa sababu ya ukuta wako."

Akaeleza yote. Daktari alisikiliza, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo. "Pole sana. Kwa kweli sikufikiria hilo. Lakini elewa, fundi, utafiti huu utasaidia maelfu. Watoto watavishwa viatu mapema. Na majina, kamati ya hospitali ilipitisha."

"Hiyo kamati ina miguu mingapi iliyovimba?"

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Walipitisha mguu wa mtu asiyekuwepo. Ungewapeleka miguu yao wenyewe, wangepitisha?"

Daktari akasema, taratibu, bila ubaya, "Karatasi ulinipa wewe, fundi. Wewe uliwauliza?"

Fundi alikumbuka asubuhi zile tatu, alivyokuwa akizichomoa karatasi moja moja na kumsimulia kila mmoja, huyu aliachwa na mume, huyu analala peke yake, akifurahia kalamu ya Daktari inavyokimbia. Hakuna aliyemlazimisha.

"Sikuuliza," akasema. "Walinivulia viatu mimi, nikakuvulia wewe. Hilo ni langu na nitalibeba. Sasa na lako libebe. Andika barua kwa mwalimu mkuu."

"Barua naandika. Kuhusu ukuta, lazima nipate kibali cha mkurugenzi. Labda wiki ijayo."

"Wakati wa kuyaweka majina hukuhitaji kibali cha wenyewe. Wa kuyatoa ndiyo unahitaji mkurugenzi?"

Daktari akaandika. Fundi aliichukua barua, akaisoma polepole huku midomo ikicheza. "Hapa unasema 'uwezekano wa maambukizi haujathibitishwa'. Ndiyo nini hiyo? Unaambukiza au hauambukizi?"

"Hauambukizi."

"Basi si uandike hivyo. Mwalimu mkuu anatafuta tundu la kutorokea, wewe unamchimbia."

Daktari akaandika upya: Ugonjwa huu hauambukizi. Akatia sahihi na muhuri. Simu ikaanza kulia mezani, akaipokea, akamwonyesha Fundi kwa mkono asubiri.

Fundi hakusubiri. Alishuka ngazi, akasimama mbele ya ukuta, akatoa kisu cha kukatia ngozi. Mlinzi alikitazama kisu, akamtazama mwenye kisu.

"Mzee, mimi naenda kunywa chai," akasema. "Nikirudi nisikukute."

Majina yalikuwa yamebandikwa kwa plastiki nyembamba. Fundi alijua kubandua soli bila kuchana kiatu. Aliyabandua yote tisa, umri na kila kitu, akayakunja mfukoni. Nyayo aliziacha. Hazikuwa na kosa.

Shemeji aliisoma barua mara mbili, akaipeleka shuleni mwenyewe asubuhi. Mwalimu mkuu aliisoma mara tatu, akamrudisha jikoni. Wazazi wanne hata hivyo wanawafungia watoto wao chakula kutoka nyumbani mpaka leo, na shemeji anawaona watoto hao wakila peke yao pembeni kila siku ya shule.

Fundi alimfuata nyumbani Jumamosi. Alimkuta akichambua mchele.

"Shemeji, umenisamehe?"

"Mimi nimerudi kazini." Hakuinua kichwa. "Ungeniuliza, shemeji, ningekubali. Wauchore mguu, wafunzane, watoto wapone. Jina tu ndilo ningewanyima. Sasa hata nafasi ya kukubali mmeninyang'anya. Wale wengine umewaambia?"

"Bado."

"Basi mimi usiniombe samahani nusu nusu."

Mfua mabati ndiye aliyekuwa karibu. Fundi alimkuta uani kwake anakunja bati la mfereji, mguu wa kushoto umejaa ndani ya kiatu alichomshonea mwaka juzi.

"Fundi Soli. Umeleta gundi au umeleta maneno?"

"Maneno."

Akamwambia, akiwa amesimama, kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mfua mabati aliweka nyundo chini. Alisogeza debe tupu kwa mguu wake mzima.

"Kaa hapo," akasema. "Anza tena, polepole. Ulimpa nani mguu wangu?"