Mikono ya Askofu Ng'ambo ya Tiva

Mimi si mtu wa kusema uongo, ndiyo maana ule mmoja niliomwambia Mutanu ulininyima usingizi wiki nzima.

Tulikuwa uani tunapepeta ndengu. Mutanu ni binti yangu wa mwisho, miaka kumi na minne, na alikuwa kwenye darasa la kipaimara ambalo mimi mwenyewe ndiye mwalimu wake, katika kanisa letu la Anglikana huku upande wa Ikutha. Askofu alikuwa anakuja Jumapili.

"Mum," akaniuliza, "siku yako Bishop akikuwekea mikono kwa kichwa, ulisikia aje?"

"Ilikuwa mizito," nikamjibu. "Mizito sana. Endelea na kazi."

Mizito wapi! Askofu hakunigusa hata kwa ukucha.

Ilikuwa mwaka wa Elnino, tisini na saba. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Mto Tiva, ambao miezi mingi ni mchanga tu wa kuchimba visima, asubuhi hiyo ulishuka umebeba miti mizima na mbuzi wa watu. Askofu akafika ukingo wa pili, akakwama. Sisi huku tumepanga mstari na nguo zetu nyeupe. Tulingoja mpaka saa tisa. Mwishowe akashuka garini, akavaa joho, akainua mikono yote miwili na kusema maneno ambayo hatukusikia hata moja kwa kelele za maji. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatubariki au anatuaga.

Lakini mwinjilisti wetu Kasyoki, sasa ni marehemu, hakuwa mtu wa kupoteza siku. "Pigeni magoti!" akapaaza sauti. "Anawawekea mikono!" Tukapiga magoti kwenye matope. Wiki iliyofuata akatugawia kadi zilizojazwa vizuri, tarehe na jina la askofu.

Nikiwa msichana wa miaka kumi na sita niliridhika. Taabu ilianza nilipokuwa mwalimu. Somo la nne linasema wazi kwamba askofu humwekea kila mmoja mikono kichwani. Kila mwaka nikifika hapo naangalia dirishani.

Mbona sikusema? Kwa sababu ya Munyao, mzee wa kanisa. Naye alikuwa kati yetu wale kumi na mmoja, mkubwa wetu, tayari na ndevu zake. Mwaka jana alimzuia Nthenya wa kwaya asikaribie Meza ya Bwana kwa kuwa kadi yake ililiwa na mchwa. "Hakuna kadi, hakuna Meza," alisema mbele ya watu, na Nthenya akarudi kwenye benchi akilia. Niliudhika, lakini nikanyamaza. Kama kadi iliyoliwa na mchwa ilimkasirisha hivyo, angenifanya nini nikisema wazi kwamba kadi yangu, kama yake, ni nzima lakini inasema uongo? Ningenyang'anywa darasa, ningefungiwa Meza, na Mutanu angejua mama yake ni mtu wa namna gani.

Lakini uongo wa "mizito" ulinichoma kuliko hofu. Alhamisi nikaenda kwa mchungaji wetu, Reverend Ndinda. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, na nilimkuta nyuma ya nyumba akiosha gambuti zake.

"Mchungaji, mimi sina kipaimara."

"Mwalimu, si kadi yako niliiona?"

"Kadi iko. Mikono ndiyo haikufika."

Nikamsimulia yote, bila kutaja jina la mwenzangu hata mmoja. Nilipofika kwenye matope akaziba mdomo kwa mkono wenye povu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mimi nimekuja kutubu na wewe unacheka?" Nilikasirika kweli.

"Pole, Mwalimu. Pole sana." Akapangusa macho. "Mungu alikuwa upande wenu wa mto pia, hiyo usiwe na wasiwasi. Lakini kama inakusumbua, Jumapili Bishop anakuja na Tiva imekauka. Ingia tu kwa laini."

"Na darasa?"

"Sasa tumpatie nani mwingine?"

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimepungukiwa na nusu ya mzigo. Nusu iliyobaki ilikuwa Munyao.

Jumapili watoto ishirini na watatu walijipanga mbele. Nikainuka kutoka benchi la Mothers Union na kitambaa changu cha bluu kichwani, nikapiga magoti mwisho wa mstari, kando ya Mutanu. Kanisa lote likaanza minong'ono.

"Mum, unafanya nini?"

"Nyamaza. Angalia mbele."

Ndipo nikasikia kikohozi ninachokijua. Nyayo zikaja polepole, magoti yakalia kwa kupinda, na mtu mwenye koti zito akashuka upande wangu wa pili. Alikuwa Munyao.

"Mwongeli," akaninong'oneza, "ulikuwa unangoja nini miaka hii yote?"

"Nilikuwa nakuogopa."

"Aiya! Na mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Si wewe ndiye mwalimu?"

"Na Nthenya je? Ulimfukuza kwa sababu ya kadi!"

Akainamisha kichwa. "Kadi ndiyo kitu pekee nilikuwa nacho."

Sikuwa na hasira tena ya kumpa. Askofu akamfikia Mutanu, kisha akanifikia mimi. Alikuwa mzee mwenye vidole vyembamba, na mikono yake ilikaa kichwani mwangu kama kitambaa kilichotoka kuanuliwa. Nikalia, wala sikuona haya. Niliposikia anamwombea Munyao kando yangu, nilitaka kucheka kwa sauti kwa furaha.

Wakati wa Meza ulipofika, Munyao hakurudi mahali pake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kwaya, akamwinamia Nthenya na kumwambia neno, kisha akamtanguliza mbele yake.

Tukiwa njiani kwenda nyumbani tulivuka mchanga wa Tiva.

"Mikono ya leo ilikuwa miepesi," nikamwambia Mutanu. "Ile siku nilikudanganya."

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa umeacha kupepeta."