Kona ya Wake wa Watu

Stanislausi wa Kabasa alikuwa haongei, alikuwa anatangaza. Ukimsalimia alikujibu kama mtu wa redio anayesoma taarifa ya habari. Shati alilifunga hadi kifungo cha kooni hata jua la Bunda likiwa la kupasua mawe, na kifuani alining'iniza kamera yake ya zamani, ile ambayo mbele inavutwa ikakunjuka kama kinanda.

"Hii si kamera ya kupeleka picha Mwanza zikasafishwe," alitutangazia siku tulipoingia kwenye kibanda chake. "Hii inapiga na kutoa hapo hapo. Na filamu zake hazitengenezwi tena duniani. Kiwanda kimeshaacha. Mkiniona mimi, mnamwona mtu wa mwisho."

"Ashukuriwe Mungu," alisema Marieta kwa sauti ya chini, akanibana ubavuni.

Mume wangu ni Lukas, Marieta ameolewa na kaka yake, na sisi wawili tunaitana mke mwenza kwa utani. Tulikuwa tumemsindikiza Lukas, ambaye alitumwa na baba yake mkubwa, mzee Apolinary wa Murangi, kwenda kumkodi huyo mtu wa mwisho. Sababu ilikuwa ng'ombe wa mahari yangu. Nilikuwa nimeshazaa mara mbili, nimezika mara moja, na ng'ombe bado walikuwa maneno matupu. Miaka ile ya foleni za sabuni kila mtu alikuwa na kisingizio. Sasa ni ruksa, samaki wa Lukas wanagombewa na watu wenye magari ya barafu, visingizio vimekwisha. Ng'ombe wakanunuliwa, ikapangwa siku ya kuwakabidhi Butiama kwa baba yangu, mzee Mseti.

Baba akatoa sharti moja: picha. Wazee wa pande zote wasimame na ng'ombe, picha itoke pale pale, waione wote kabla hawajatawanyika. Kwetu ng'ombe wa mahari hawatulii. Ndoa ikitikisika kidogo tu wanaanza kujadiliwa upya: aliyekuwa na pembe anageuka kipara, aliyekuwa na mimba anakuwa tasa tangu azaliwe. Na picha ya kwenda kusafishwa Mwanza wazee hawaitaki hata kuisikia. Waliwahi kuletewa moja ya harusi ya jirani, wakakuta ng'ombe ni wa watu wengine kabisa, na mbele yao amekaa padre mnene ambaye hakuna anayemjua.

Mimi ng'ombe sikuwa na haja nao. Nilikuwa na haja ya kitu kimoja, mwanangu Dafroza atokee uso wake kwenye hiyo picha. Gati, mtoto wangu wa kwanza, alichukuliwa na surua akiwa ameanza kusimama kwa kushikilia kiti. Hakuwahi kupigwa picha. Nilikuwa namwomba Lukas twende studio, anasema tutaenda tu. Lukas si mtu mbaya, ana hilo neno lake tu. Sasa uso wa Gati unanitoka. Uzito wake begani ninao, joto la shingo yake ninalo, lakini nikifumba macho kuutafuta uso, unakuja wa Dafroza. Haya ni mambo ambayo huwezi kumwambia mtu sokoni. Wiki ile Dafroza alikuwa ametoka kwenye homa, na Lukas bado alikuwa anasema tutaenda tu.

Basi wakati Lukas anapatana na Stanislausi siku na saa, mimi nikawa natazama picha zilizobandikwa ukutani. Harusi, ubatizo, mtu na baiskeli yake mpya. Kila picha ilikuwa na baka la rangi ya chai kwenye kona ya juu, upande wa kulia, kama mtu ameibandika kitambaa. Mwanzoni nilidhani ni ukuta unavuja. Kisha nikaona kwamba chini ya kila baka kuna mwili. Khanga, kiuno, mkono umebeba mtoto, lakini kichwa hakuna. Na mtoto naye kichwa hakuna.

"Mke mwenza," nikamwita Marieta, "hii khanga si yako?"

Akasogea. Ilikuwa picha ya ubatizo wa mwanawe. Mzee Apolinary yumo katikati, ameketi, anang'aa kama ameajiriwa kung'aa. Shemeji yumo, mbwa yumo. Marieta ni khanga na miguu.

"Bwana picha," alisema Marieta, "mimi kichwa changu ulikipeleka wapi?"

"Mama, hiyo ni nuru," alijibu Stanislausi bila hata kugeuka. "Nuru ikizidi inakula uso. Wewe nilikuweka mahali penye nuru kuliko wote. Ni heshima."

"Na mbwa hakuheshimiwa?"

Lukas akacheka, akatuambia twende. Lakini mimi nilikuwa nimeshaelewa. Filamu zimezeeka, ile dawa inayotandaza picha imekauka upande mmoja, haifiki kwenye kona. Stanislausi anajua. Na kwa kuwa anajua, akifika kwenye shughuli anatafuta mtu ambaye asipotokea hakuna mwenye kulalamika, anamsimamisha pale. Halafu anamwambia ni penye nuru, na mtu anakwenda amefurahi, amejipaka na mafuta. Ukuta mzima ule, nuru haikuwahi kumla mwanamume hata mmoja. Nuru gani hiyo yenye macho na wake za watu!

Njiani nilimwambia Lukas. Akasema, "Sasa wewe unataka tufanyeje? Mwenye picha za hapo hapo ni yeye tu. Na amesema filamu imebakia moja."

"Nataka mtoto atokee."

"Atatokea," alisema Lukas, kwa sauti ile ile ya tutaenda tu.

*

Siku yenyewe Butiama kulikucha na ukungu, ukaondoka, ng'ombe wakafika. Mzee Apolinary alifika nao. Tuseme alifika mbele yao, kwa miguu, kuanzia pale kwenye mgomba wa mwisho ambapo gari lilimshusha ili aonekane anachunga. Alikuwa na kofia ya pama, kaunda suti ya rangi ya majivu, na fremu ya kioo chini ya kwapa. Alikuwa ameshainunua. Picha ingetundikwa sebuleni kwake Murangi, na kila mgeni angeambiwa nani aliyeoa kwa ng'ombe wanene kipindi hiki. Lukas, ambaye samaki wake ndio walionunua ng'ombe hao, alikuwa nyuma anasukuma ndama.

Wazee walikagua, walibishana kuhusu jino la mmoja, wakakubaliana. Stanislausi akaanza kutangaza.

"Mzee mwenyewe, kiti hapa katikati! Mzee Mseti kushoto! Ng'ombe nyuma, msiwaache wageuke! Lukas, chuchumaa mbele. Mama mwenye mtoto," akanitafuta kwa kidole, "wewe simama pale mwisho, kulia kwangu. Pale ndipo penye nuru."

Nilikwenda. Nilisimama hapo hapo aliponionyesha, Dafroza begani, ananivuta hereni. Niliangalia kiti katikati, niliangalia kofia ya pama, na moyo wangu ulikuwa unagonga hadi mtoto akauwekea kiganja.

Kuongea na baba mkubwa nisingeweza. Mkwe wa kike kwao hasemezani na baba mkwe uso kwa uso. Ukitaka chumvi iliyo mbele yake, unamwambia mwingine amwambie. Lakini bwana picha si mkwe wangu.

"Bwana picha, asante sana," nilisema, kwa sauti ya kutosha kufika hadi kwenye zizi. "Kumbe wewe unatuheshimugi namna hii! Yaani hapa ndipo uso unatoka kuliko pengine pote?"

"Kuliko pote, mama. Tulia tu."

"Kuliko hata pale kwenye kiti?"

Akasita. Nilimwona anasita. Lakini mtu aliyezoea kutangaza hawezi kunyamaza ghafla mbele ya watu. "Kiti ni kiti," alisema. "Nuru ni hapo."

"Ngoja kwanza," alisema mzee Apolinary.

Alisimama. Alimtazama Stanislausi, kisha akaitazama ile kona kama mtu aliyeibiwa.

"Penye nuru mnamweka mwanamke, mimi mnaniweka gizani? Picha hii ni ya nani?"

"Mzee, kiti kimeandaliwa kwa ajili yako," alisema Stanislausi. Sasa hakuwa anatangaza. "Mtu wa heshima yako anakaa."

"Anayekaa ni aliyechoka. Mimi nimechoka?"

"Hapana, mzee, ila kwenye mambo ya picha..."

"Nimewaswaga ng'ombe hawa tangu alfajiri, sijachoka. Lukas! Mwambie mama mtoto aondoke hapo. Aje akae na kiti chake."

Lukas akanigeukia kuniambia, na mimi nilikuwa nimeshafika. Wazee waliguna. Mkwe kukalia kiti mbele ya wazee, na ng'ombe wake wakiwa bado wanapumua mgongoni mwake, si jambo la kila siku. Lakini aliyeamuru ni mwenyewe, na hakuna aliyetaka kubishana naye kabla ya nyama. Nilikaa. Nilimweka Dafroza mapajani, nikamfuta pua kwa pembe ya khanga.

Stanislausi alinitazama juu ya kamera. Nami nikamtazama. Alijua kwamba najua. Angeweza kusema. Ilimtosha kufungua mdomo na kusema, jamani, filamu zangu ni mbovu, kona ile haitoi kitu, na nimekuwa nikiwaficha wake zenu humo. Maneno mepesi tu. Kwenye kona mzee Apolinary alikuwa ameinua kidevu, mkono kiunoni, kama anayesubiri wimbo wa taifa.

"Piga basi!" alisema. "Nuru itaondoka!"

Akapiga. Akaivuta ile karatasi, akaipachika kwapani, eti dawa inataka joto. Tukakaa tunamtazama mtu mzima amebana kwapa.

"Mahari tulingoja," alisema Marieta, "sasa tunangoja na kwapa."

Wazee wengine walicheka, Stanislausi hakucheka. Aliibandua polepole sana, kama anaogopa kitakachomo, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mzee Apolinary akamnyang'anya.

Aliitazama. Akaigeuza chini juu. Akaitazama tena.

"Mimi niko wapi?"

Alikuwepo, kwa kweli. Kulikuwa na suruali ya kaunda suti na viatu vilivyong'arishwa, na juu yake baka la rangi ya chai, na kofia yake nzuri ilikuwa imezama humo yote.

"Mzee, ni nuru," alisema Stanislausi. "Unajua wewe umepata nyingi mno."

"Leo imekula dume," alisema Marieta.

Sijawahi kuona kicheko kikikimbia nyumba nzima namna ile. Kilianzia kwa wanawake jikoni, kikapita kwa wachunga ng'ombe, hadi mzee wangu Mseti, ambaye kwa kawaida hacheki mbele ya wakwe, akalazimika kukohoa. Mzee Apolinary alimwambia Stanislausi mambo ambayo sitayaandika hapa, kuhusu kamera, kuhusu Kabasa yote, na kuhusu mtu anayefunga kifungo cha kooni. Stanislausi alijitetea kwamba filamu ni za historia. Akaambiwa aende akaipige historia.

"Picha hii siichukui," alisema mzee Apolinary. "Sebuleni kwangu nitundike nini, suruali?"

Akampa baba yangu. Baba akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akaikagua ng'ombe kwa ng'ombe. Wote walikuwepo, wana rangi ya uji wa ulezi, lakini pembe zao zinasomeka. Akatikisa kichwa.

"Ng'ombe wapo, aliyewaleta hayupo. Kesho mtu ataniuliza nimewatoa wapi. Hii inaweza ikasema nimewaiba." Akairudisha. "Tutakwenda na midomo ya watu, kama siku zote. Hawa wote wameona."

Mzee Apolinary hakuipokea. Lukas aliyekuwa kati yao akaipokea yeye, kwa kuwa vitu vyote visivyo na mwenyewe humwishia Lukas. Aliitazama. Halafu akanijia pale kwenye kiti, ambapo hakuna aliyekumbuka kuniondoa, akanipa.

Ilikuwa bado mbichi, inanata. Dafroza akainyooshea mkono aitie mdomoni, nikaiinua juu, akalia, nikaipulizia huku namrusharusha kwa goti. Mimi humo nimetoka nimekaza mdomo kama ninayedaiwa. Lakini yeye ametoka. Ametazama mbele kabisa, nyusi zimekunjwa, mashavu yote mawili, na lile paji la uso lililovimba kidogo alipoanguka juzi. Hata tone la kwenye pua nililodhani nimelifuta, limo.

Nyuma ya nyumba Stanislausi alikuwa bado anawaeleza watu habari za jua la Butiama, kwamba si sawa na la Bunda. Nikamgeuza mwanangu anielekee, nikaishika picha kando ya shavu lake, nikaangalia huku, nikaangalia huku, hadi nikaitwa kwenda kugawa nyama. Sikuitika upesi.