Tairi Moja la Meno

"Haendi tena kwa baiskeli mpaka theluji iishe, nimeshasema!" Jarkko alifoka. "Nitampeleka kwa gari."

"Iishe lini? Aprili?" nikamuuliza mume wangu. "Sasa hivi ni Januari."

"Basi Aprili. Nimemnunulia tairi la meno ya chuma ya kushika barafu na bado anaanguka. Hajui kupiga breki, huyo."

Binti yetu Vilja, miaka kumi, alikuwa amekaa kwenye kibao cha mlangoni, helmeti bado iko juu ya kofia ya sufu, kiganja kimechubuka. Alikuwa anaelekea mazoezi ya kuogelea kwenye bwawa la ndani, akaanguka kwenye kona ya njia inayopita chini ya reli, akarudi akiikokota baiskeli.

"Sikupiga breki, Baba. Nilikata kona tu, gurudumu la mbele likaniponyoka."

"Kila anayeanguka husema hivyo."

Hapo damu ikanichemka. Kaka yake, Aarni, mwaka jana alianguka mara tatu, akavunja mpaka taa. Akapewa kakao ya moto na pole nyingi. Huyu kaanguka mara moja, sasa abebwe kwenye gari kama mzigo! Watoto wa mji mzima wa Oulu wanaendesha kwenye barafu, ila wa kike wa kwetu asiweze?

Nikavaa buti, nikashuka uani. Wakanifuata. Nikaigeuza baiskeli, magurudumu juu. La nyuma lilimeta meno. La mbele lilikuwa tairi la kiangazi, laini kama sabuni.

"Jarkko, meno umeyaweka nyuma?"

"Duka lilibakiwa na moja tu la saizi yake. Na breki yake ni ya kurudisha pedali kinyume, inashika gurudumu la nyuma. Ulitaka niliweke wapi?"

"Mbele! Nyuma ikiteleza, mtoto anayumba, anakaa sawa. Mbele ikiteleza, yuko chini kabla hajaita mama. Kosa umefanya wewe, adhabu apewe yeye?"

"Punguza sauti. Majirani."

"Majirani nao wana watoto. Wasikie."

Akakuna kidevu. "Haya, nitalibadilisha Jumamosi."

"Mazoezi ni leo. Lete spana."

Akaleta. Nikamwachia gurudumu la nyuma, lenye mnyororo na kimkono cha breki kilichofungwa kwenye fremu. Alilifunga yeye, alifungue yeye. Vidole vilimganda kwenye nati, akatukana chini kwa chini. Mimi nikavua la mbele. Tukabadilishana matairi bila kutazamana, nikajaza upepo, si mwingi, yashike barafu vizuri.

"Sikiliza, mwanangu," nikamwambia Vilja. "Punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri uwe ndani yake. Nyuma itacheza kidogo. Iache icheze."

"Na nikianguka tena?"

"Utainuka."

"Ameshachelewa," Jarkko akasema, funguo za gari mkononi. "Leo tu nimpeleke."

"Basi achelewe kwa baiskeli yake," nikamjibu, nikamshikia Vilja tandiko. Akapanda, akakanyaga pedali, akatoka getini.