Mmbeere wa Asubuhi

Siku ya nne sasa Mzee Misheck hajaoga, na Igoki ameishiwa na maneno ya kumbembeleza. Mgonjwa haulizwi uji, watu husema. Wanaosema hivyo hawajawahi kufanya kazi katika nyumba ya wazee ya pale Githongo. Huyu utamuuliza uji, utamuuliza maji, na bado atakugeuzia mgongo.

Shida ilianza Njeru alipoacha kazi. Njeru ndiye mwanamume pekee aliyekuwa akiwaogesha wazee wa kiume. Alipata kibarua cha kukata ndizi Mitunguu, akaenda zake, na nani wa kumlaumu? Wakabaki wawili: Igoki, na Matroni Eunice, ambaye mkono wake uko kwenye plasta tangu ateleze bafuni. Wazee ni kumi na sita. Hebu piga hesabu ya mgongo wa Igoki.

Wazee wengine walikubali kuogeshwa na mwanamke, wakafumba macho yakaisha. Misheck alikataa katakata, na haukuwa ukaidi. Yeye na marehemu Mutegi, babake Igoki, walitahiriwa siku moja. Kwao Wameru binti wa mwenzako wa rika ni binti yako, na binti haoni uchi wa babake. Basi.

"Niache nioze, mwari," alimwambia kwa Kimeru, akimwita binti. "Nikifika huko, babako nitamwambia nini?"

Na kuoza alikuwa anaoza kweli. Kidonda cha mgongoni, cha kulalia upande mmoja, kilikuwa kimeanza kunuka. Asubuhi hiyo Eunice aliinua shati la mzee kidogo tu, akatoka amekunja uso.

"Asipooshwa leo, kesho nampeleka hospitali. Na kwa umri ule, Igoki, unajua harudi."

Igoki alikaa jikoni, amechoka hata hasira zimemwisha. Amwache afe na heshima yake, au amvue nguo kwa nguvu, kama anamenya ndizi? Yote mawili yalimshinda. Kisha akafikiria macho ya mzee. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Mzee alikuwa akiona mwanga tu. Akajaza beseni maji ya moto, akaingia chumbani, akasema kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya Wambeere, watu wa nyanda za chini, aliyokuwa akimtania nayo Njeru:

"Hujambo, mzee. Mimi ni Carol, nimeandikwa leo. Natoka Ishiara."

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti.

"Mmbeere?"

"Ndiyo, mzee."

"Babako ni nani?"

"Ngari. Hamjuani."

Lo! Kumkana baba aliye kaburini, mchana kweupe, beseni mkononi! Ulimi ulimchoma kweli. Lakini mzee alivuta pumzi, akaanza kufungua vifungo vya shati mwenyewe.

Alimwosha polepole, akasafisha kidonda, akakifunga, akamvalisha nguo safi. Alitoka akiburuta miguu, akaketi ngazini.

Saa nane alirudi na uji, akiwa Igoki, akamsalimu kwa Kimeru.

"Muga, baba."

"Muga, mwari." Mzee alikuwa na uso mwepesi. "Leo nimeogeshwa na msichana mgeni, Mmbeere. Ameniosha vizuri. Babako hana neno na mimi."

"Nimesikia, baba."

Akamwekea kikombe mkononi. Mzee hakukishika. Alishika vidole vya Igoki, vilivyokunjamana kwa maji na kunuka dawa ya kidonda, akavishikilia. Igoki akajua amejulikana. Hakuthubutu kuuvuta mkono.

"Huyo msichana amechoka," mzee akasema mwishowe. "Nimesikia anavyoburuta miguu. Kuna mtu hapa amewahi kumwambia pole?"

"Hapana, baba."

"Basi mwambie mimi nimesema pole. Na kesho, kabla hajaniogesha, akae kwanza hapo kwenye kiti, apumzike. Mambo ya babake sitamuuliza tena."

Igoki alitaka kusema atamwambia, lakini kilio kilimtangulia.