Ndiyo Ishirini na Mbili

“Umewauliza watu ishirini na wanne, ishirini na wawili wakasema ndiyo?” nilimwambia. “Watu gani hao, Shukrani? Hapa hatujawahi kukubaliana hivyo hata siku ya kufyeka njia ya kanisani.”

“Mama, nimeshakujibu mara tatu. Ndivyo walivyosema.”

“Nakataa.”

“Unakataa nini sasa? Nimewarekodi!”

Alikuwa mezani na kompyuta yake, shali begani, chai imepoa pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na buti za bandani, majani ya ng'ombe hayajakatwa, sina muda wa kumbembeleza mtu.

Binti yangu ameajiriwa Dar es Salaam na kampuni ndogo inayotengeneza programu za simu. Kazi yake ni kuandika waraka wa mahitaji, yaani karatasi zinazoeleza programu itatumiwa na nani, ifanye nini na isifanye nini, ndipo vijana wa kompyuta waanze kuitengeneza. Waraka ukikosea, wao wanajenga kosa.

Huu ulikuwa wetu sisi, wafugaji wa huku milimani, Kwai mpaka Gare, ndiyo maana walimtuma nyumbani. Ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yake hayapelekwi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa mpaka siku za dawa ziishe. Mmoja akipitiwa, dawa inaingia kwenye tangi na maziwa ya kijiji kizima yanamwagwa. Mwaka jana tuliyamwaga mara mbili. Programu ilikuwa ya kuzuia hilo, na mimi sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa ukurasa wa pili, hitaji namba nne: “Mfugaji ataandika mwenyewe kwenye simu yake tarehe ya sindano, na atathibitisha kila asubuhi na jioni kabla ya kukamua.” Chini yake: “Wafugaji 22 kati ya 24 wamekubali.”

Bosi wake, Edgar, aliutaka waraka saa nane mchana siku hiyo hiyo. Na Ijumaa miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha. Ama anapewa mkataba, ama anarudi nyumbani. Kabla ya kazi hii alikaa hapa miaka miwili na shahada yake, tunakata majani pamoja. Mgeni akimuuliza unafanya nini siku hizi, anajifanya kuna kitu amesahau bandani. Kwa hiyo nilijua ninachokigusa.

“Uliwaulizaje?”

“Niliwaeleza programu itakavyokuwa, halafu nikauliza: je, ungependa kuitumia?”

“Ukiwa umekaa wapi?”

“Ndani. Walinikaribisha.”

“Wakakupa chai.”

“Chai imefanya nini tena, mama?”

“Mtoto wa jirani ametoka Dar, amesema shikamoo vizuri, ameshika kikombe chako mkononi, anakuuliza kama kitu chake kizuri. Utamwambia hapana? Hata ungewauliza kama wangependa kufuga mamba wangekuambia ndiyo, tena wawili.”

Alicheka, kisha akakasirika kwa sababu amecheka.

“Haya. Wote waongo. Msema kweli wa milima yote ni wewe peke yako.”

“Mimi kama kitu sikitaki nasema.”

“Namba kumi na tisa,” akasema, akanigeuzia kompyuta. “Soma.”

Nikasoma. Mwanamke, miaka hamsini na mitatu, ng'ombe wawili, ana stashahada ya afya ya mifugo. Jibu: “Ndiyo. Nitaitumia kila siku.”

Mimi nimemwambia mchungaji usoni kwamba mahubiri yake ni marefu. Nimemwambia mwenyekiti wa kituo kwamba mizani yake haiko sawa. Na namba kumi na tisa ni mimi.

“Ulisema au hukusema?”

“Nilisema.”

“Utaitumia?”

“Hapana.”

“Mama!”

“Ulikuja umelowa mpaka kwenye soksi, umepita nyumba sita kwa mguu, na unacheka peke yako. Miaka miwili sijakuona hivyo. Ukaniuliza. Ningefanyaje? Nilitaka upate kazi.”

Alipitia majibu mengine kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Sauti ilikuwa imeshuka. “Kwa hiyo na wengine ni hivyo hivyo.”

“Sijui. Ndiyo maana nakwambia hujui na wewe. Vaa buti. Esteria anakamua sasa hivi, na ng'ombe wake alichomwa juzi jioni. Usimuulize kama anapenda kitu. Tazama tu.”

“Na saa nane?”

“Sasa ni saa moja. Unapoteza muda hapo ulipokaa.”

Aliificha kompyuta chini ya shali, tukashuka. Esteria anakaa chini ya nyumba yetu, hatua mia mbili za utelezi. Tulimkuta bandani amechuchumaa, kichwa ameegemeza ubavuni mwa ng'ombe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu! Ile simu yako ya ng'ombe imefika? Nzuri sana ile!”

Shukrani alinitazama. Mimi nikatazama paa.

Esteria alimaliza kukamua, akayabeba maziwa na kuyamwaga yote kwenye shimo la mbolea. Kisha akaenda kwenye mlango wa banda. Pale palikuwa na mistari ya mkaa iliyosimama, minne, na alama za miwili iliyofutwa. Akaufuta mmoja kwa kiganja, ikabaki mitatu.

“Hiyo nini, mama?”

“Ya daktari hiyo. Nassoro akishachoma sindano anachora. Hii ni dawa ya siku tatu, basi mistari sita. Nikikamua nafuta mmoja. Ikiisha, napeleka kituoni.”

“Anachora yeye, siyo wewe?”

“Mimi nitajuaje? Kila dawa na siku zake.”

“Na simu?”

“Simu kubwa iko Mnazi huko bondeni, mume wangu Tobia ameenda nayo kwenye shamba la mahindi. Mimi nina hiki.” Alitoa kiswaswadu kwenye mkunjo wa kanga, kimefungwa mpira. “Kinapiga na kupigiwa, basi.”

“Lakini mama, uliniambia utakuwa unaandika kwenye simu.”

Esteria aliziba mdomo kwa kiwiko, mkono ukiwa na maziwa, akacheka mpaka mabega yakatikisika. “Ulikuwa umechoka na kilima, mwanangu. Nikurudishe na hapana?”

Shukrani naye akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. Aliugusa ule mlango. “Na mistari ikifutika yenyewe?”

Kicheko cha Esteria kikaisha. Alichukua ndoo, akaiweka chini, akaichukua tena.

“Ilifutika,” alisema. “Mwaka jana, mwezi wa nne. Mvua ilipiga mlango usiku. Nikahesabu kwa kichwa, nikakosea, nikapeleka.” Alinigeukia. “Mama Shukrani, mara ya pili ile ilikuwa mimi.”

Kwenye mkutano wa kituo nilikuwa nimesimama nikasema huyo aliyefanya hivyo hana aibu. Esteria alikuwa amekaa benchi la nyuma yangu.

“Ndoo yangu ilikuwemo kwenye tangi lile,” nikasema.

“Najua. Nimeshindwa kukuambia mwaka mzima.”

“Mimi nimesema maneno mengi siku ile.”

“Ulisema.”

“Nilikuwa sijui mvua imefuta mlango. Nisamehe.”

“Yameisha,” akasema, na akamgeukia Shukrani haraka. “Usiandike hilo.”

“Jina siandiki, mama. Lakini mvua naiandika.”

Alitoka akasimama kwenye kona ya banda, ambapo mtandao unashika, akampigia Edgar. Aliweka sauti ya nje, nasi tukasikia yote.

“Kaka Edgar, habari za asubuhi. Hitaji namba nne nalifuta.”

“Unalifuta? Shukrani, wafadhili wanakuja saa nane kuona asilimia tisini na mbili.”

“Hiyo asilimia siyo kweli. Niliuliza vibaya, watu wakanijibu kwa heshima. Anayekamua hana simu ya kuandikia. Anayejua siku za dawa ni daktari. Yeye aandike akishachoma, taarifa iende kituoni. Ng'ombe ambaye siku hazijaisha, kituo kinajua. Mfugaji asibonyeze kitu chochote.”

“Hilo umelipata kwa watu wangapi?”

“Mmoja.” Akanitupia jicho. “Na mama yangu.”

“Kwa hiyo unafuta ishirini na wawili kwa sababu ya mmoja na mama yako.”

“Nitarudi kwa wote wiki hii. Safari hii naenda saa za kukamua.”

“Unakumbuka Ijumaa ni nini?”

“Nakumbuka.”

Edgar alimwambia mtu pembeni yake asubiri. “Tuma,” akasema. “Sikuahidi kitu.” Akakata.

Nilitaka kumwambia neno zuri. Mimi maneno hayo huwa yanachelewa, nikageuza ndoo ya Esteria chini juu ili apate pa kukaa. Akakaa, kompyuta mapajani. Akaufuta mstari wa ishirini na wawili kati ya ishirini na wanne, na mahali pake akaandika kwamba majibu ya awali yasitumike, na kwa nini. Kisha akaliandika upya hitaji namba nne, na alipomaliza alimsomea Esteria polepole, neno kwa neno.

Nikamwona anavuta pumzi. Nikadhani atauliza kama ni zuri.

“Nimekosea wapi, mama?”

Esteria alifuta mikono kwenye kanga. Alinitazama mimi, akautazama mlango, akamtazama mtoto.

“Umekosea,” akasema. “Umeandika daktari wa kijiji. Nassoro akisafiri anakuja yule wa Gare, na yeye hachori. Huyo naye je?”

Shukrani akaandika “daktari yeyote atakayechoma sindano”, akausoma waraka mara moja kwa macho, akautuma.