Zamu ya Mwisho ya Vipande vya Jua

Himid alichoka kabla hajakaa. Wiki nzima alikuwa akibeba majora ya vitambaa dukani Bur Dubai, na leo Ijumaa, siku yake pekee ya kulala, amepanda mabasi mawili hadi Al Twar kwenda kumwambia Bi Joha kwamba hela zake zimeyeyuka. Wenzake wengine waliopata hasara aliwaambia kwa simu. Kwa huyu alimwogopa Mungu, akamfuata mwenyewe.

Walikuwa wanane katika upatu wao, na Himid ndiye kijumbe. Mwaka 2010 alijifanya mjanja. Alisema waache kupeana fedha taslimu, wachange wanunue vipande vya mfuko uliowekeza kwenye kampuni za umeme wa jua, na kila miezi mitatu mmoja wao auze fungu lake. Nani angembishia? Jua la Dubai walilijua kwa migongo yao. Walipanga zamu kama walivyozoea, na kijumbe, kama ilivyo ada, akaanza yeye. Hakuna aliyejiuliza mbona upatu wa fedha humlipa wa mwisho sawasawa na wa kwanza, na vipande havina adabu hiyo. Himid aliuza bei ikiwa juu, akamjengea mama yake jiko Tanga. Precious, mwenzao wa upatu, alipouguliwa na mama, Bi Joha alimpa zamu yake, ya pili, yeye akabaki na ya nane.

Miaka miwili imepita, na zamu ya nane ndiyo hii. Bi Joha alishamuaga madam wake, aliyekuwa akimlelea watoto. Wiki ijayo arudi Unguja kwa binti yake Shifaa, aliyekaribia kujifungua, amalizie nyumba isiyo na bati, apumzike.

Walikaa kwenye mkahawa wa Wahindi, wakaletewa chai ya maziwa.

"Imebaki robo, Bi Joha."

"Robo ya nini?"

"Ya ulichochanga."

Bi Joha alikitua kikombe. "Kwani jua limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Paneli zimekuwa rahisi mno. Viwanda vimejaa, kampuni zinauza kwa hasara."

"Zikiwa rahisi si ndiyo watu wananunua?"

"Wananunua sana."

Bi Joha alicheka, kisha akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika. Himid alitamani atukanwe. Matusi angeyabeba, amezoea kubeba.

"Nitakulipa kidogo kidogo, wallahi."

"Kwa mshahara upi, mwanangu?" Alijifuta macho. "Si mimi niliyekwambia uanze wewe? Khalas, yamekwisha. Siwezi kurudi mikono mitupu. Niandikie madam. Mwambie nabaki miaka miwili tena, kama bado ananitaka."

Himid, aliyezoea kumwandikia Kiingereza chake, aliandika. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

"Anasemaje?"

"Anasema alhamdulillah. Watoto wanarukaruka kwa furaha. Tiketi ataifuta leo leo."

Bi Joha alitikisa kichwa taratibu. Alitoa simu yake, akatafuta namba, akapiga, akaisukuma simu juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya Himid. Ilikuwa imeshaanza kuita.

"Huyo ni Shifaa," alisema. "Mwambie wewe. Mimi leo sina nguvu."